Vidole Tumbo vya Uingereza Vilivyoulizwa Swali Jipya

Kidole tumbo kikivimba, daktari hukikata na mgonjwa akarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Katika hospitali za Uingereza kipande kile hakitupwi. Hulowekwa kwenye fomalini, hufunikwa kwa nta, huchunguzwa kwa hadubini, kisha kibonge cha nta huwekwa kabatini. Kinaweza kukaa humo miongo kadhaa bila mtu kukiulizia.

Aliyeviamsha vibonge hivyo ni ng'ombe. Mwaka 1986 wataalamu wa mifugo wa Uingereza waliutambua ugonjwa mpya uliowafanya ng'ombe wapepesuke na kuanguka, wakauita kichaa cha ng'ombe. Chanzo kilikuwa chakula cha mifugo kilichochanganywa na unga wa nyama na mifupa ya mizoga. Zaidi ya ng'ombe 180,000 walithibitishwa kuugua. Kwa miaka kadhaa serikali iliwahakikishia wananchi kwamba nyama ilikuwa salama. Kisha, tarehe 20 Machi 1996, Waziri wa Afya Stephen Dorrell alisimama bungeni kutangaza wagonjwa kumi wa aina mpya ya ugonjwa wa ubongo uitwao Creutzfeldt-Jakob, akakiri kwamba huenda waliupata kwa ng'ombe. Wengi wao walikuwa vijana.

Kisababishi chake si bakteria wala virusi. Ni prioni, yaani protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine zijikunje vivyo hivyo. Stanley Prusiner aliipa jina hilo mwaka 1982, akapingwa vikali na wenzake, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Jambo la kutisha ni kwamba fomalini, inayoua takriban kila kijidudu, haiimalizi nguvu prioni.

Mwaka 1998 David Hilton wa Plymouth na wenzake, akiwemo James Ironside wa Edinburgh, walitoa taarifa fupi iliyoshtua. Mgonjwa mmoja aliyefariki kwa ugonjwa huo alikuwa amekatwa kidole tumbo miezi minane kabla ya dalili yoyote kuonekana. Kilipotolewa kwenye nta na kupimwa, protini mbaya ilikutwa humo. Kumbe tumbo lilijua kabla ya ubongo! Basi makabati ya hospitali yangeweza kujibu swali lililowanyima Waingereza usingizi: ni wangapi wamebeba prioni bila kujua?

Kazi yenyewe ni ya mkono na macho. Kibonge hukatwa vipande vyembamba mno, vikapitishwa kwenye asidi ya fomiki na joto kali ili protini ya kawaida isilete utata, kisha hutiwa kingamwili zinazoacha rangi pale penye protini mbaya. Rangi hiyo ina mpaka wake. Inaonyesha kwamba protini ipo, lakini haisemi kama inaambukiza wala kama mwenyewe angekuja kuugua.

Uchunguzi wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta sampuli 3 kati ya 12,674. Mafindofindo 63,007 yaliyopimwa baadaye hayakutoa hata moja. Watu wakapumua. Mwaka 2013 yakaja matokeo ya vidole tumbo 32,441 kutoka hospitali 41: 16 vilikuwa na protini hiyo, takriban mtu mmoja kwa kila 2,000.

Majina yalikuwa yamefutwa kabisa kabla ya upimaji, hivyo hakuna aliyeweza kutafutwa na kuambiwa. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani dawa haikuwepo, na habari ile ingekuwa mzigo mtupu. Tahadhari zilielekezwa kwenye damu ya wote: tangu 1999 chembe nyeupe huchujwa kutoka kwenye damu ya msaada nchini humo.

Swali gumu liliachwa mwisho. Je, vidole tumbo vya watu wasiokula nyama ile vikoje? Watafiti walipima 29,516: vilivyokatwa kati ya 1962 na 1979, kabla ya kichaa cha ng'ombe, na vya waliozaliwa 1996 au baadaye. Vyote vilitarajiwa kuwa safi. Saba havikuwa safi. Ama maambukizi ya ng'ombe yalianza kuwafikia watu mapema na kukoma baadaye kuliko tunavyodhani, ama kiasi kidogo cha protini hiyo kimekuwemo siku zote na hakihusiani na ng'ombe. Kundi hili la kulinganishia lilistahili kupimwa mwanzo, kabla hesabu ya mmoja kwa 2,000 haijatangazwa.

Waliofariki Uingereza kwa ugonjwa huo ni 178, mbali sana na maelfu yaliyohofiwa. Kama uliishi huko kati ya 1980 na 1996, kwa masomo au kazi, na Marekani au Australia ikakukatalia kutoa damu kwa sababu hiyo, fahamu kwamba nchi zote mbili ziliondoa katazo hilo mwaka 2022. Nenda ukaulize tena.