Santuri ya Washairi: Kuanzishwa kwa Caedmon, 1952

Historia ya santuri kwa kawaida huandikwa kama historia ya muziki. Ipo hata hivyo kampuni moja ndogo iliyoanzishwa kwa ajili ya mashairi, na naona kisa chake kinatuhusu sisi tunaotunga kwa Kiswahili.

Mnamo Januari 1952 mshairi wa Wales, Dylan Thomas, alisoma tungo zake mbele ya hadhira jijini New York. Miongoni mwa wasikilizaji walikuwamo Barbara Cohen na Marianne Roney, wahitimu wa Chuo cha Hunter, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 22. Walimpelekea ujumbe wakatia herufi za mwanzo tu za majina yao, asitambue kuwa ni wanawake. Hatimaye Cohen alimpata kwa simu hotelini alfajiri, naye akakubali kuonana nao.

Mtaji wao ulikuwa dola 1,500. Katika huo walimwahidi Thomas dola 500 kwa santuri 1,000 za kwanza, na asilimia 10 ya mauzo yatakayofuata. Siku ya miadi ya kwanza hakutokea. Tarehe 22 Februari alifika Steinway Hall, na fundi Peter Bartók, mwana wa mwanamuziki Béla Bartók, akainasa sauti yake. Mashairi yalijaza upande mmoja tu. Kwa upande wa pili Thomas alikumbuka hadithi yake ya Krismasi ya utotoni, iliyokwisha kutoka katika jarida. Hadithi hiyo, iliyoingia kama kijazio, ndiyo iliyoipa santuri umaarufu. Baadaye Eliot, Frost na Auden nao walisikika katika santuri za kampuni hiyo.

Jina Caedmon ni la mchunga ng'ombe wa karne ya 7 huko Whitby, Uingereza. Mtawa Bede ameeleza kwamba mtu huyo aliondoka karamuni kila kinubi kilipomkaribia, kwa kuwa hakujua kuimba, mpaka usiku mmoja akaamrishwa ndotoni aimbe. Tangu hapo yeye aliimba, wengine wakaandika. Sisi wenye tenzi hatuhitaji kufafanuliwa utaratibu huo.

Mashine nazo zilisaidia. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba dakika chache tu kila upande. Santuri ndefu, iliyotolewa Marekani mwaka 1948, ilibeba dakika 20 na zaidi. Siti binti Saad na wenzake, waliorekodi Bombay tangu 1928, walibanwa na kipimo kile cha zamani: wimbo ulienea, utenzi haukuenea.

Thomas alifariki New York mnamo Novemba 1953, akiwa na miaka 39. Lau wale wawili wangengoja miaka miwili wakikusanya mtaji, wasingemkuta.

Nilifundisha ushairi sekondari kwa miaka mingi. Vitabu vilitupa vina, mizani na vituo. Mahadhi hayakuwamo, na kila mwalimu alighani kwa namna ya kwao. Leo simu ya mkononi hurekodi saa nzima, wala haihitaji dola 500. Aliye na malenga mzee jirani, iwe Lamu, Mombasa, Tanga au Pemba, na amwombe idhini, amrekodi akighani tungo zake mwenyewe, kisha aandike jina, mahali na tarehe. Na afanye hivyo mwaka huu.