Unataka kutoa filamu fupi na hauna doo? Hii ndio rada

Kila mtaa Nairobi iko na msee anasema ako na stori ya filamu. Muulize imefika wapi, atakwambia anangoja kamera. Mwaka wa pili huu, bado ni kamera. Buda, kamera sio shida. Mwaka wa 2015 Mmarekani anaitwa Sean Baker alitoa Tangerine, filamu nzima iliyorekodiwa mitaa ya Los Angeles na iPhone 5s iliyowekewa lenzi ya kuongezea, na ikaonyeshwa Sundance. Simu uko nayo mfukoni saa hii yaweza kuwa kali kuliko hiyo. Chenye wasee wengi hawana ni skripti.

Kwanza, ufupi ni upi? Wale wa Oscar wanasema filamu fupi isizidi dakika 40, pamoja na majina ya mwisho. Lakini wewe anza na dakika tano hadi kumi. Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka wa 2009, dakika ishirini na kitu za dunia isiyo na maji, na 2010 ikafika Sundance. Halafu kuna Watu Wote ya 2017, kazi ya wanafunzi wa chuo cha filamu Hamburg, Ujerumani, waliokuja kurekodi hapa kwetu stori ya basi la Mandera lililovamiwa Desemba 2015. Dakika 22 tu, na 2018 ikawa kwa orodha ya waliopendekezwa Oscar. Cheki venye ni ndogo: basi moja, abiria, na uamuzi mmoja wa kukataa kutenganishwa Waislamu na Wakristo. Haikuhitaji helikopta.

Hapo ndio uanzie. Mtu mmoja anataka kitu kimoja leo, na kuna kitu kinamzuia. Mfano: dem ako na intaviu saa tatu asubuhi. Shati yake ya pekee ya maana iko kwa kamba juu ya ploti, na kamba ni ya jirani wamekosana mwezi mzima. Ni hiyo tu. Uko na ngazi, paa, shati, saa inakimbia, na watu wawili wenye hawataki kuongea. Sasa linganisha na ile stori yako ya mdosi wa dawa za kulevya na mapacha waliopotezana Dubai. Gani unaeza maliza wikendi moja na elfu tano?

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwa skrini, kwa hivyo kurasa nane zinakutosha. Andika venye vinaonekana na kusikika peke yake. Ukiandika "anakumbuka utoto wake kwa uchungu," kamera itapiga nini? Andika anashika kola ya shati, anaona imeshonwa mara ya pili na uzi wa rangi tofauti. Na maongezi, tafadhali. Mathee wa Gikomba haongei kama msomaji wa habari, na Sheng ya Umoja sio ile ya Rongai. Ita mabeshte wawili wasome kwa sauti. Penye ulimi unakwama, kata. Penye wote wanatulia bila kuambiwa, wacha hivyo hivyo.

Sauti ndio inaua filamu za mtaa

Watu huvumilia picha yenye ukungu. Sauti mbaya hawavumilii hata dakika moja. Maiki ya simu iko mbali na mdomo, so itakuletea mat, mjengo, na mtoto wa ploti ya pili kabla ikuletee ekta wako. Chukua simu ya pili, weka rekoda, iweke mfuko wa kifua wa ekta, ama ununue maiki ya kola ya bei ya chini. Kabla kila shoti, piga makofi mara moja mbele ya kamera. Ukikaa kuediti, ule mdundo ndio utalinganisha sauti na picha. Zima friji, na uweke funguo za keja ndani yake ndio usisahau kuiwasha ukitoka. Mwisho, kila mahali umerekodi, wote wanyamaze sekunde 30 ukirekodi tu huo ukimya. Utaushukuru ukiziba mapengo.

Mwanga ni wa bure lakini hauna huruma. Tuko karibu na ikweta, na mchana jua liko juu ya kichwa, macho ya ekta yanakuwa mashimo. Rekodi asubuhi ama kuanzia saa kumi jioni, na ujipange, ju jua letu likishuka halisubiri mtu. Shuka nyeupe ikishikwa chini ya uso inarudisha mwanga poa. Ndani ya nyumba, stima yetu ni ya 50 Hz, kwa hivyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo balbu zinaanza kupepesa. Programu ya bure ya Blackmagic Camera inakubali uweke hizo namba mwenyewe. Kuediti, DaVinci Resolve iko na toleo la bure linalotosha kabisa.

Karatasi zenye watu huruka

Sheria ya filamu na maigizo ya Kenya, Sura ya 222, inataka leseni kabla urekodi filamu ya kuonyeshwa umma ama kuuzwa. KFCB nao ndio wanakagua na kuipa kiwango cha umri. Uliza mapema, ju maombi huenda na skripti, na usipange kuanza kesho yake. Rafiki ya huyo huyo Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku hapa 2018, mwaka ule ule ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Mwaka huo mahakama iliifungulia siku saba tu.

Halafu mbogi yako. Kama hauna mshahara wa kuwapea, sema mapema, na chapo madondo na fare visikosekane. Usimwambie mtu mzima utamlipa na umaarufu. Andikeni ukurasa mmoja: nani anafanya nini, ekta amekubali uso wake utumike, na pesa ikiingia inagawanywa aje. Urafiki mingi huisha siku ya zawadi, sio siku ya njaa. Muziki pia, usichukue ngoma ya mtu bila ruhusa, hata ile inacheza redio ya duka nyuma ya sini yako. Tafuta prodyusa wa mtaa, muelewane kwa maandishi.

Ikishaiva, usikimbilie kuiweka YouTube usiku huo huo. Tamasha zingine hukataa filamu iliyokwisha tolewa mtandaoni. Anza na FilmFreeway, penye tamasha nyingi hupokea maombi, zingine bila ada. Cheki ZIFF ya Zanzibar, na tuzo za Kalasha hapa nyumbani. Weka manukuu ya Kiingereza, ju jaji wa Berlin hajui "keja" ni nini, na uhifadhi faili mahali pawili tofauti. Simu huibiwa Tao kila siku.