Rashi: Neno la Machimboni na Kidonda cha Bulyanhulu

Agosti 2026 inatimia miaka 30 tangu wachimbaji wadogo waondolewe kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu. Anayetaka kuelewa walichopoteza aanze na neno ambalo kuanzia Ushirombo hadi Geita halihitaji kufafanuliwa: rashi.

Dhahabu ikionekana shambani kwa mtu, habari haifichiki. Watu humiminika usiku na mchana, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yanachimbwa bega kwa bega, mama lishe wanainjika masufuria, makarasha ya kusaga mawe yananguruma. Nyaraka za serikali huita hali hiyo mfumuko. Machimboni limeshika neno la Kiingereza, rush, ambalo wataalamu wengi wa asili za maneno hulirudisha kwenye kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kusukuma nyuma, kufukuza. Dhahabu ya California ya 1848 ndiyo iliyolipa neno hilo umaarufu, likasafiri hadi Australia mwaka 1851 na Witwatersrand mwaka 1886. Kwetu, Lupa kule Chunya ilipata rashi yake miaka ya 1920. Mgodi wa Geita ukafuata miaka ya 1930 na kufungwa 1966.

Rashi ya Bulyanhulu, upande wa Kahama, ilianza katikati ya miaka ya 1970, na waliotangulia kuiona dhahabu ile ni wenyeji. Mji ukaota porini. Mwaka 1994 leseni ikapewa Sutton Resources ya Kanada, ikifanya kazi kupitia Kahama Mining. Wachimbaji wakakataa kuondoka, kesi ikafika Mahakama Kuu Tabora. Julai 1996 ikatoka amri ya Waziri wa madini ya kuwataka waondoke; Agosti maduara yakafukiwa kwa mitambo.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Wanasheria wa mazingira wa LEAT, wakiongozwa na Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, walidai kwamba zaidi ya wachimbaji 50 walifukiwa wakiwa hai, na kwamba mahakama ilikuwa imekwisha kuzuia uhamishaji. Serikali na kampuni zilikana vifo hivyo. Mwaka 2002 msuluhishi wa Benki ya Dunia alisema hakuona msingi wa madai hayo. LEAT wakaipinga ripoti yake na kudai uchunguzi huru. Mwaka huohuo Lissu na Nshala walishtakiwa kwa uchochezi. Hata idadi ya waliohamishwa haijakubalika: kila upande una hesabu yake.

Mimi naamini uchunguzi huo huru ulistahili kufanywa, hadharani, mashahidi wakisikilizwa machimboni kwenyewe. Watu waliokuta dhahabu kwa majembe yao hawakustahili kuachwa kama uvumi.

Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi ukaanza kuzalisha 2001. Baadaye ukaja mgogoro wa makinikia, yaani mchanga wa madini, wa 2017, soko la dhahabu la Geita Machi 2019, na kampuni ya Twiga, ubia wa Barrick na serikali.

Historia nyingine za eneo hili zina majina: Misheni ya Ushirombo inajulikana ilianza lini na nani waliianzisha: mapadri wa White Fathers, 1891. Lakini wachimbaji wa kwanza wa Bulyanhulu hawana hata kibao kimoja chenye majina yao. Halmashauri za Bukombe na Msalala zinaweza kuanza kuyaandika mwaka huu, kabla wanaoyakumbuka hawajaondoka.