Vifaa Visivyokuwako

Katika karakana za Uingereza, msomaji, kijana aliyeanza kujifunza ufundi aliagizwa vitu ambavyo havijapata kutengenezwa. "Mafuta ya kiwiko" ni maneno ya tangu karne ya 17, na maana yake ni jasho la mtu asuguaye kwa nguvu. Mwanagenzi aliambiwa akalete mkebe mmoja.

Daimler na Maybach waliunda pikipiki yao huko Ujerumani mwaka 1885, na baadaye mzaha huu ukaingia katika ufundi wa pikipiki pia. Kijana hutumwa beringi ya ekzosi. Hebu fikiri: beringi hukaa penye kitu kinachozunguka, na ekzosi ni bomba lililotulia! Mkali kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mzaha wa "uzani mrefu". Kwa Kiingereza neno la uzani na neno la kungoja hutamkwa sawasawa. Basi mtunza ghala humwambia kijana asimame kando, na baada ya muda mrefu humwambia, "Umekwisha kuupata."

Arudiye akicheka huhesabiwa mwenzao. Lakini aliyechekwa sana huogopa kuuliza, naye hudhani kila ajabu ni mzaha. Kioo cha kulia cha pikipiki nyingi za Yamaha hufungwa kwa skrubu yenye meno ya kinyume. Kijana huyo, akiambiwa hivyo, hasadiki. Huizungusha kama nyingine zote akidhani anailegeza, kumbe anaikaza mpaka ikatike.