Anayehama Harudi

Kazi ilikuwa ndogo tu: kutafsiri kwa Kiingereza mahojiano na mzee wa Endulen, tuliyekutana naye Karatu siku ya mnada. Nilipomsomea mahali nilipoandika kuwa wao ni wafugaji wa kuhamahama, akanikatiza. Mwanangu, anayehama harudi. Sisi tunarudi.

Nikakwama. Wahispania wana neno vaivén, lililoungwa kutokana na "kwenda" na "kuja", na watafsiri wa Kiingereza hutaabika nalo: wakisema kuyumba, marejeo yamepotea, wakisema safari ya kwenda na kurudi, mdundo umekufa. Shida yangu ilikuwa ndugu yake.

Kiswahili kikirudia kitenzi, mara nyingi hukipunguzia uzito: tembeatembea, shikashika. Kuhamahama basi ni kuondoka ovyo, leo hapa kesho kule. Na neno la Kiingereza, nomad, asili yake ni Kigiriki cha malisho, ila masikioni mwa leo ni mzururaji tu.

Kumbe mwendo wenyewe una ratiba. Kimaa kina osupuko, nyanda za juu zenye baridi, na olpurkel, kule chini kukavu. Mwanzoni mwa mwaka nyumbu huzaa kwenye tambarare za Ndutu, na ndama wao hubeba kirusi kinachoua ng'ombe. Mfugaji hupandisha mifugo. Nyumbu wakishaondoka, hushuka. Anakolala kwa muda panaitwa ronjo. Boma halijavunjwa, lipo palepale, na alalili, malisho yaliyotengwa kwa ajili ya ndama, inamngoja.

Maofisini neno lilifanya kazi nyingine. Mwaka 1958 viongozi wa Kimaasai walitia saini kuiachia Serengeti. Mwaka 1959 sheria ikaunda eneo la hifadhi la Ngorongoro, ambamo watu waliruhusiwa kuishi na mifugo yao. Mwaka 1974 waliokuwa ndani ya kreta wakatolewa. Tangu 2022 familia zinapelekwa Msomera, wilayani Handeni, mamia ya kilomita kutoka huko, kwa kile serikali inachokiita kuhama kwa hiari. Wakazi wengi wameipinga hiyo hiari. Nyumba zipo, mashamba yapo. Lakini mtu uliyemwita mhamaji miaka yote, ukimwambia ahame tena, wala huoni kama umemwomba kitu kikubwa.

Kwenye tafsiri niliandika kwa urefu: hupanda na mifugo, hushuka, hurudi bomani. Mhariri akaniuliza kama hakuna neno moja la kufupisha. Nikamjibu halipo.