Mafuta ni yetu, jina ni la wengine



Tuma mtoto butiki, umwambie alete Omo. Atarudi na sabuni ya unga yoyote iliyopo, na hakuna atakayemgombeza. Omba Colgate, utapewa dawa ya meno ya kampuni ingine. Ndivyo tunasemaka hapa kwetu: jina la kampuni limemeza jina la kitu chenyewe. Na sehemu ya historia hiyo inapitia kwenye mafuta ya mawese ya Kongo.

Zamani kule Uingereza sabuni nyingi haikuwa na jina. Mwenye duka alikata kipande kwenye mche mrefu, akapima uzito, basi. Mwaka 1884 William Lever akaandikisha jina Sunlight. Akafunga vipande vya saizi moja kwenye karatasi yenye jina hilo, akajaza matangazo kila mahali, akaahidi pauni 1,000 kwa atakayeonyesha kwamba sabuni imechanganywa na kitu kibaya. Mama aliyenunua leo alijua kesho atapata ileile. Jina likawa ahadi, na ahadi ikaleta wanunuzi.

Sabuni hiyo ilitaka mafuta mengi ya mimea. Mwaka 1911 Lever akapatana na serikali ya Ubelgiji, ikazaliwa Huileries du Congo Belge, na haki ya kufikia hekta 750,000. Kituo chake kule Kwilu kikaitwa Leverville; leo ni Lusanga. Watu walilazimishwa kukwea michikichi na kukata ngazi. Mwaka 1931, bei ya ngazi ikishuka huku kodi ikibana, Wapende wakaasi, na Force Publique ikaua mamia. Hayo hayakuandikwa kwenye karatasi ya Sunlight. Tangazo linaonyesha kinachouzika, mengine linanyamaza.

Kwilu ni mbali na Fizi, lakini mchikichi ni uleule. Mawese ya kwetu yanaenda Uvira na Bukavu ndani ya bidoni za manjano za lita 20. Angalia bidoni vizuri: mara ingine bado ina jina la mafuta ya kula yaliyotoka ng'ambo. Ya kwetu haina jina. Mnunuzi anachovya kidole, anaonja, anakisia. Mama aliyechemsha na kuchuja vizuri anapewa bei moja na yule aliyeongeza maji. Sasa huyo mama ajisumbue juu ya nini?

Sisi waagronomi tulifundishwa kuongeza mavuno kwa hekta. Ni kazi ya lazima, lakini mavuno yasiyo na jina yanamtajirisha anayeyapa jina mbele. Jina halianzi na pesa ya televisheni. Linaweza kuanza na rangi na burashi: jina la kijiji, tarehe ya kukamua, na kikundi kinachokataa mafuta machafu hata yakiwa ya shemeji. Tuchukue ahadi ya Lever, tuache kimya chake: anayekata ngazi alipwe na ajulikane.

Kwa wale walio na vikundi vya mawese kuanzia Mboko mpaka Baraka, swali langu ni moja: mko tayari kuandika jina la kijiji chenu kwenye bidoni, na kuipokea tena ikirudishwa kwa ubaya?