Mwanga wa Buluu: Tiba Iliyoanzia Kwenye Pindo la Shuka

Kiangazi cha mwaka 1956, madaktari wa Hospitali Kuu ya Rochford, katika jimbo la Essex nchini Uingereza, walikuwa wakipita wodi ya watoto njiti. Msimamizi wa wodi, Sista Ward, alimvua nguo mtoto mmoja taratibu na kuwaonyesha. Mwili wa mtoto ulikuwa umepauka, isipokuwa mahali pamoja penye umbo la pembetatu, ambapo ngozi ilikuwa ya njano iliyokolea. Daktari bingwa wa watoto, Dk. Dobbs, alidhani mtoto amepakwa iodini. Sista akajibu kwamba anafikiri ni kazi ya jua. Daktari hakuridhika, kwa kuwa jua huchukua siku kadhaa kubadili rangi ya ngozi. Kwa kusitasita, Sista Ward akaeleza kwamba mahali pale penye unjano ndipo palipokuwa pamefunikwa na pindo la shuka. Mtoto alikuwa na manjano mwili mzima, na manjano hayo yalikuwa yamefifia kila mahali jua lilipomgusa.

Sista Ward aliamini kuwa hewa safi na jua vinawafaa watoto wale kuliko joto zito la ndani ya wodi. Siku za joto alikuwa akiwatoa kwa vitanda vyao hadi uani. Siku ile madaktari walimsikiliza, wakaendelea na kazi zao.

Wiki chache baadaye likatokea jambo la pili. Chupa ndogo ya damu iliyotolewa kwa mtoto mwenye manjano makali ilisahauliwa dirishani, jua likaipiga kwa saa kadhaa. Ilipopimwa, kiwango cha bilirubini kilikuwa chini mno kuliko ilivyotarajiwa kwa mtoto mwenye hali ile. Sehemu ya damu iliyobaki dirishani ilipopimwa tena, kiwango kilikuwa kimeshuka zaidi. Hapo daktari kijana aitwaye Richard Cremer aliunganisha mambo mawili, pembetatu ya njano na chupa ya dirishani, akaona kwamba yanasema kitu kimoja.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inafaa kujua bilirubini ni nini. Chembe nyekundu za damu zinapozeeka, mwili huzivunja, na katika mabaki yake hutoka kitu cha rangi ya njano kiitwacho bilirubini. Hakiyeyuki katika maji, kwa hiyo hakiwezi kutoka mwilini mpaka ini likibadilishe kwanza. Mtoto mchanga ana chembe nyingi za kuvunja, na ini lake bado halijashika kazi sawasawa. Ndiyo maana watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati, na 8 kati ya 10 waliozaliwa kabla ya wakati, hupata manjano katika wiki ya kwanza. Wengi wao hupona bila tiba. Lakini kwa wachache bilirubini hupanda hadi kuvuka mpaka wa damu na ubongo na kujikita humo. Mtoto hulegea, huacha kunyonya, hujipinda mgongo. Anayenusurika anaweza kubaki kiziwi, au akaishi na mtindio wa ubongo maisha yake yote.

Tiba iliyokuwepo wakati ule ni kubadilisha damu, njia iliyoenezwa katika miaka ya 1940 na Dk. Louis Diamond wa Boston. Mpira mwembamba hupitishwa katika mshipa wa kitovu, damu ya mtoto ikatolewa kidogo kidogo na nyingine kurudishwa mahali pake. Iliokoa watoto wengi, na bado inahitajika kwa hali mbaya sana. Lakini ni kazi ya hatari. Watoto wengine walifia katikati ya shughuli hiyo, na njiti ndio waliokuwa dhaifu kuliko wote.

Basi Cremer na wenzake, Perryman na Richards, walianza kuwatoa watoto juani kwa vipindi na kuwapima damu. Bilirubini ilishuka. Jua la Uingereza halitegemeki, kwa hiyo walitengeneza la kwao: kiakisi cha chuma kilichopinda kama nusu ya pipa, ndani yake taa nane za tyubu zenye mwanga wa buluu, kikaning'inizwa juu ya kitanda cha mtoto aliye uchi. Mwaka 1958 walichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Waandishi ni watatu, na Sista Ward si mmoja wao. Nasema bila kuuma maneno kwamba alistahili kuwa wa kwanza. Wote walimtazama mtoto yuleyule, ila yeye peke yake ndiye aliyejua pindo la shuka lilikuwa wapi.

Kwamba mwanga hufanya kazi ndani ya viumbe halikuwa jambo geni. Mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz alionyesha kwamba majani ya mimea hutoa hewa ya uhai yakiwa juani, na gizani huacha. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Copenhagen alipata Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mionzi ya taa. Hata hivyo, tiba ya Rochford ilipokewa kwa mashaka. Italia na Amerika ya Kusini ziliikubali mapema. Marekani ilikaa kimya miaka 10, hadi mwaka 1968, Dk. Jerold Lucey wa Vermont na wenzake walipochapisha jaribio lililowagawa watoto njiti kwa bahati nasibu, wengine chini ya taa, wengine bila taa. Taa zilishinda.

Mashaka yale yalikuwa na sababu ya haki. Hakuna aliyejua bilirubini inakwenda wapi. Wengi walifikiri mwanga unaivunja vipande, na waliogopa kwamba huenda vipande hivyo vina sumu kuliko bilirubini yenyewe. Jibu lilipatikana kuanzia miaka ya 1970, hasa kwa kazi ya wanakemia Antony McDonagh wa San Francisco na David Lightner wa Nevada, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha hadithi yote.

Molekuli ya bilirubini imejikunja kama ngumi iliyofumbwa. Sehemu zake zinazopenda maji zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu za hidrojeni, ndiyo maana maji hayaipati. Mwanga wa buluu unapopenya ngozi na kuifikia, molekuli huunyonya, na kufumba na kufumbua kiungo kimoja ndani yake hugeuka upande. Ngumi hufumbuka. Molekuli ile ile, yenye atomu zile zile, sasa hukubali maji, hupita katika ini bila kungoja kimeng'enya, na kutoka kwa nyongo. Sehemu yake hugeuka umbo jingine lisiloweza kurudi nyuma, liitwalo lumirubini, ambalo hutoka kwa nyongo na mkojo. Kuvunjika vipande kupo, ila ni kudogo. Kwa hiyo mwanga unamsaidia mtoto kazi ambayo ini lake bado haliiwezi.

Hapa inajulikana pia kwa nini rangi ina maana. Mwanga unaofaa ni wa buluu, wa nanomita 460 hadi 490 hivi. Mionzi ya urujuanimno, inayounguza ngozi, haihitajiki katika tiba hii. Taa za LED za buluu, ambazo wavumbuzi wake walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, zimerahisisha mambo kwa sababu hutoa rangi hiyo hasa, bila joto kali na kwa umeme kidogo. Taa za tyubu hupungua nguvu huku macho yakiziona zinawaka vizuri. Wodi isiyopima nguvu ya taa zake inaweza kumlaza mtoto chini ya mwanga usiomtibu.

Huku Afrika Mashariki, mama mzazi huambiwa amtoe mtoto kwenye jua la asubuhi. Ushauri huo una chembe ya ukweli uleule wa Rochford, lakini si tiba ya kutegemea. Jua la moja kwa moja halina kipimo: huunguza ngozi laini na kukausha maji ya mwili, na asubuhi yenye baridi mtoto aliye uchi hupoteza joto. Watafiti waliofanya kazi Lagos, Nigeria, walionyesha njia iliyo salama zaidi. Waliwalaza watoto na mama zao chini ya mahema ya plastiki maalumu inayozuia sehemu kubwa ya urujuanimno na joto huku ikipitisha buluu, na wauguzi wakiwapima mara kwa mara. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalikuwa sawa na ya taa za kawaida. Hilo ni jua lenye kipimo na mwangalizi.

Kwa ukanda wetu kuna la kuongeza. Maeneo yenye malaria, pwani ikiwemo, yana watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao hufanya chembe nyekundu zipasuke kwa wepesi. Naftalini inayowekwa sandukuni kuhifadhi nguo inaweza kuzipasua chembe hizo, na manjano yakapanda ghafla. Nguo za mtoto zisihifadhiwe nayo.

Ngozi nyeusi huficha manjano. Mtazame mtoto weupe wa macho na fizi, au umbonyeze kidogo ncha ya pua mwangani. Akiwa na manjano katika saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, au akiwa mlegevu na hanyonyi, usimtoe juani na kungoja kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, uombe apimwe damu.